Komeo la Chini

Jumuiya yetu ya kanisa hapa Mlandege haijui kupiga hodi ikasubiri. Tunasema hodi huku mguu tayari uko ndani, na kwa mgonjwa ndiyo zaidi. Ndivyo tulivyokuwa tukiingia kwa ndugu mmoja aliyekuwa dereva wa malori ya Mbeya, mpaka gari lilipopinduka naye na miguu ikafa. Akina mama walimpelekea uji, mimi mzee wa kanisa nikamsomea Neno. Mlango wake haukufungwa kamwe, kwa sababu komeo lilikuwa juu, na yeye yuko kwenye kiti cha magurudumu.

Siku moja baada ya sala akaniambia, "Baba, wewe ni seremala. Nishushie komeo."

"Unaogopa wezi? Wataiba nini humu, hicho kiti?"

Alicheka, kisha akanieleza bila kuzunguka. Kuna mwanamke kule chini Ipogolo, kwenye maegesho ya malori, ambaye kazi yake ni kulala na wanaume kwa malipo. Alimfahamu tangu enzi za udereva. Wengine aliowapigia simu walikataa waliposikia habari ya kiti. Huyu alipanda bodaboda akaja. Hawajakaa vizuri, akina mama wakaingia na sufuria ya uji, mwanamke akatoka amejifunika kitenge usoni. Akasema harudi tena kwenye nyumba isiyofungwa.

"Mwanangu, unajua mimi jambo hilo naliitaje."

"Dhambi. Najua, baba. Lakini niambie, tangu nipate ajali, nani amenishika bila kunigeuza kama gunia la viazi?"

Mke wangu alifariki zamani, na mkono unaonigusa mimi ni ule wa kupeana amani ibadani. Nilirudi nyumbani nikasali. Sikupata ruhusa, wala sikusikia katazo. Nilichoona ni kwamba mtu mzima ameomba mlango, nami nina bisibisi. Asubuhi nilikwenda nikalishusha komeo.

Alhamisi iliyofuata jumuiya ilikwenda kwake, tukakuta amejifungia. Mama mwenyekiti akasukuma mlango kwa bega.

"Kumbe hapa kunafungwa? Huyu ameanguka! Tuvunje!"

"Usivunje, mama. Mwite," nikamwambia.

Akaita. Sauti ikajibu kutoka ndani, "Nipo, mama. Leo niacheni nipumzike."

"Apumzike na nani?" mmoja akanong'ona, wenzake wakacheka chini chini. "Mzee, na wewe unajua kitu."

"Ninachojua ni kwamba uji unapoa. Tusalie hapa nje."

Tulisali barazani, baridi ikipenya masweta. Niliomba kwa sauti kubwa kuliko kawaida yangu, nikiamini ninawasitiri watu wawili. Sufuria tukaiacha mlangoni.

Jumapili baada ya ibada nilirudi peke yangu. Niligonga, nikangoja, nikasikia komeo likivutwa. Alikuwa amenyoa ndevu. Nikajikaza, nikamuuliza habari za mgeni wake.

"Hakuja, baba. Nilipompigia kumwambia mlango sasa unafungwa, nikamkuta ameshahamia Mbeya. Anasema huko malori ni mengi."

"Sasa Alhamisi ulikuwa na nani?"

"Na nani tena? Peke yangu. Nilinyoa, nikavaa shati, nikafunga. Nilitaka kuona kama mtangoja."

Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba tulingoja. Tulikunywa chai. Biblia ilibaki mfukoni, hakuiomba, nami sikuitoa. Nilipoinuka nikamuuliza kama tuje tena Alhamisi kama kawaida.

Alifikiri. "Siku nyingine zote njooni. Alhamisi niachieni."

Nililipeleka ombi hilo kwenye jumuiya bila kutoa sababu, likakubaliwa. Tangu hapo Alhamisi hakuna anayekwenda kwake, si sisi wala yule mwanamke, naye hujifungia mpaka jioni.