Utulivu wa Bi Dirisha

Wananchi wapenzi, mnatangaziwa kwa heshima zote kwamba amani imepatikana. Imo ndani ya kopo la plastiki, kwenye pochi ya Bi Dirisha, karani wa malalamiko katika idara ya maji.

Ofisi yake ni kichumba chenye nondo mbele, na nyuma mlango ambao mlinzi huufunga kwa nje, ati wateja wasimvamie. Akibanwa na haja, hugonga. Mlinzi akiwa mbali, hujikaza. Ameomba mara nyingi ahamishiwe stoo, maana bomba halitukani mtu.

Akisubiri jibu, akanunua vidonge vya thianini, kitu kinachotokana na majani ya chai. Kimoja asubuhi, na kweli roho ikatua kidogo. Mzee mmoja akamwita mwizi wa mvua; yeye akamjibu, "Karibu tena, baba."

Sifa zikamfikia meneja.

"Nikuhamishe? Mama, waliokutangulia hapo walirushiana matusi na foleni nzima. Wewe ndiye umefaa. Hapo utastaafia."

Basi, kwa uchungu, akawa anameza kingine kila foleni ikirefuka, juu ya dawa yake ya presha. Asubuhi moja aliinuka kugonga mlango, chumba kikazunguka, akarudi kitini pu, kama gunia.

Wifi yake, mfamasia, aliligeuzageuza lile kopo.

"Wifi, hiki nacho kinaweza kushusha presha. Umekipandisha juu ya dawa ya presha. Daktari anajua?"

"Nikamwambie daktari nakunywa chai?"

"Chai ni kikombe. Hiki kimekamuliwa, kikashindiliwa. Asiye na dawa nyingine akifuata kipimo cha kwenye kopo, mara nyingi hapati shida. Labda kichwa kumuuma au usingizi. Wewe achana nacho mpaka daktari aseme. Dawa ya presha usiiguse, endelea nayo. Na ule mlango, wifi yangu, hauna kidonge."

Akaacha. Jumatatu alirudi kichumbani, komeo likalia nyuma yake kama kawaida. Meneja akaja na wageni wa makao makuu, akapitisha cheti cha utulivu katikati ya nondo.

"Mama, waambie wageni. Hekima ile yote uliitoa wapi?"

"Nilikuwa nasinzia, bosi. Stoo vipi?"