Pezi Nililibadilisha Mimi, Msamaha Akaja Kuuomba Yeye

Mimi ni mshenzi. Naanza na hilo usije ukanihurumia katikati ya habari. Jina sitaji. Ukipita Soweto hapa Moshi ukaona banda la seremala lenye vitanda na majeneza, usinyooshe kidole, maana mabanda ya namna hiyo ni mengi. Ila mojawapo ni langu.

Niliyemkosea nimwite Prospa, mtu wa Kilema. Hatukuzaliwa tumbo moja, lakini tulifanya kazi benchi moja kwa miaka, na aliniita kaka.

Ilikuwa miaka ya tisini, wageni wameanza kumiminika kupanda mlima, na kila mtu mjini anatafuta Mzungu wake. Wa kwetu alikuwa Karin, dada aliyekuwa akifundisha sekondari. Siku moja akaingia bandani na ubao mrefu kwapani, mweupe, umechongoka mbele. Nikamuuliza, "Dada, huu ni wa kupigia pasi?" Banda zima likacheka. Kumbe ni ubao wa kusimamia juu ya mawimbi ya bahari! Chini yake, upande wa nyuma, kulikuwa na pezi kama la samaki, limevunjika. Alitaka tumchongee jingine.

Mimi nikaona ni kazi ya mara moja: kipande cha mninga, msumeno, msasa, kwisha! Prospa ndiye aliyeuliza, "Dada, hayo maji yakoje?"

Swali gani hilo, aisee! Maji si ni maji? Lakini Karin aliweka ubao chini, akaketi juu ya gogo, akaanza kumweleza. Mawimbi yakiwa madogo na malegevu, pezi linatakiwa lisimame wima, ubao ugeuke upesi. Wimbi likiwa kubwa na la kasi, pezi hilohilo linakutupa. Hapo unataka lililolala kuelekea nyuma, kitako kipana na kigumu, ncha nyembamba inayokubali kupinda kidogo.

Prospa alielewa kwa sababu alikulia kwenye mfereji. Kule kwao kila familia ina zamu yake ya maji, na yeye tangu utotoni ndiye aliyetumwa kuzibua na kuyageuza yaingie kwenye migomba na kahawa. Jumamosi alipanda Kilema na mapezi ya kujaribia kwenye mfuko wa nailoni, akayafungia mpini, akayazamisha pale mfereji unapotambaa, kisha pale unapoporomoka. Jumatatu ananiambia, "Kaka, hili lilitetemeka mkononi mpaka likalia. Ukingo wa nyuma ni mnene." Anaupiga msasa, wiki inayofuata analipeleka tena.

Nilimwita mwehu. Niliwaambia wateja, "Huyu fundi wangu anaogesha mbao!" Wakacheka, na yeye akacheka nao.

Basi Karin akaenda Dar, akarudi anarukaruka kwa furaha. Pezi limeshika maji! Rafiki yake mwenye duka la wageni kule anataka mapezi mengine mengi, na anataka Prospa mwenyewe ashuke akayachonge hukohuko. Alimshika Prospa mikono, akaigeuza viganja juu, akaitazama. Yangu hakuitazama.

Wivu, jamani! Banda langu, benchi langu, randa yangu, halafu anayekwenda Dar ni yeye? Chakula kilinishinda siku mbili.

Kabla ya safari hiyo Karin aliagiza pezi la pili, la msimu wa upepo wa kusi, la mawimbi makubwa ya nje ya mwamba. Prospa alilichonga, akalipima, akalipaka rangi nyeusi kama alivyoelezwa. Jumapili akaenda misa kwao. Mimi nikafungua banda, nikachonga jingine, umbo lilelile, rangi ileile. Tofauti moja tu: nilikata ubao nyuzi zikakaa kingamo kwenye kitako. Kila seremala anajua maana yake. Mbao hubeba uzito kwa kufuata nyuzi zake. Ukizikata kingamo, inavunjika kama biskuti. Lile la Prospa nikalitia motoni, nikasimama mpaka likaisha. Na nilikuwa naimba!

Jumatatu Prospa akalifunga langu kwenye gazeti kwa mikono yake, akampa Karin. "Nenda nalo bila woga, dada," akamwambia. Nami nikaongeza, "Safari njema!"

Nilidhani litakatika, ataogelea, atarudi amenuna, basi. Bahari nilikuwa sijaiona. Mimi ni mtu wa mlimani, maji makubwa niliyoyajua yalinifika magotini.

Karin alirudi baada ya mwezi, na magongo. Pezi lilikatikia kwenye kitako juu ya wimbi kubwa, ubao ukazunguka, ukamrusha mwambani. Mguu ulivunjika sehemu mbili. Hakupiga kelele. Alimuuliza Prospa tu, "Ulilipima?"

"Nililipima, dada," Prospa akajibu, huku analia.

Hapo ningeweza kunyamaza. Sikunyamaza! Niliruka mbele ya wateja, nikafoka, "Mwongo mkubwa we! Si nilikuambia kuogesha mbao si kazi? Umemlemaza mtoto wa watu!" Karin akarudishwa kwao Ulaya. Prospa akabaki na jina mjini: fundi aliyemvunja Mzungu mguu.

Sasa sikia nilivyomaliza utu wangu. Sisi Wachagga tuna isale, jani tunalopanda mipakani. Aliyekukosea akija nalo mkononi kuomba radhi, humkatalii. Haikupita wiki mbili, alasiri, Prospa akaja bandani na mama yake mzee. Mama ameshika isale, Prospa amebeba kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mdogo wako ameliharibu jina la banda lako. Hata yeye hajui mikono ilimteleza wapi. Tumekuja na isale."

Ruwa, Mungu wangu! Sentensi moja tu ingetosha. Nilinyoosha mkono nikalipokea lile jani. Mbege nikanywa, nikaomba niongezewe! Kisha nikasema, "Nimemsamehe, mama. Ila kazini asirudi, wateja wanaogopa."

"Haika, mwanangu," akanijibu. Akanishukuru!

Yule mwenye duka kule Dar akaniandikia mimi, anataka mapezi yake. Nikachonga, akayarudisha yote: ubao haugeuki, pezi linalia. Nikapanda mpaka kwenye mfereji, nikazamisha pezi kama alivyokuwa akifanya Prospa. Nilichosikia ni baridi tu. Kazi ile ikafa mikononi mwangu.

Prospa hakuna fundi aliyemtaka. Akaangukia kwenye mashine ya kupasulia mbao, kazi asiyoizoea. Msumeno ukachukua vidole vinne vya mkono wa kulia. Mikono ile!

Nilikwenda wodini na bakuli la mtori wa ndizi. Akatabasamu aliponiona. "Kaka, umekuja! Kumbe ulinisamehe kweli." Akautazama mkono uliofungwa bandeji. "Usinionee huruma. Mimi nilimvunja yule dada mguu, na Mungu amechukua vidole. Nilistahili. Tangu hapo napata usingizi."

Chumba kizima tulikuwa sisi wawili. Mdomo ninao, ulimi ninao. Unajua nilisema nini? "Kula mtori kabla haujapoa." Nikamshikia bakuli.

Ni miaka sasa. Tukikutana ananisalimia kwa mkono wa kushoto na kuniulizia watoto wangu, na mimi najibu hawajambo! Padri nimemkwepa, mke wangu hajui.

Wewe unayemwonea mwenzako wivu, sikia: ukishamharibia, mwambie upesi, angali ana hasira za kukupiga. Akupige! Akutukane mbele ya watu! Ukichelewa atajishtaki mwenyewe, ataamini, halafu atakushukuru. Kipigo kinapona, ile haika ya mama yake haijanipona mpaka leo.

Nimebadilisha jina lake, lakini akisoma atajijua. Prospa, lako halikukatika. Nililichoma.