Plagi Mkononi mwa Mwenzangu

Kila alipomaliza kukata nyasi za bweni letu la wanafunzi wa kigeni, mtunza bustani aliiacha mashine kivulini ipoe, kisha akafungua plagi, kile kichuma kinachotoa cheche ya kuwasha injini. Tulimwita shifu, kama watu wa Guangzhou wanavyowaita mafundi wote. Bila plagi ile injini haiwaki, hata mtu avute kamba mpaka jasho limtoke. Hakuiweka chini wala mfukoni. Alimpa mtu aishike. Hapo ndipo alipoilaza mashine ubavu, akaingiza mkono chini ya kisu na kuanza kukwangua majani mabichi kwa kijiti cha mwanzi.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Zamani, alitueleza, mwenzake wa kazi alidhani usafi umekwisha, akairudisha plagi na kuvuta kamba. Tangu hapo alitaka plagi iwe kwa mtu anayemwona kwa macho yake.

Mtu huyo alikuwa mwenzangu wa chumba, kijana wa Mombasa. Tulifika kwa ndege moja, kwa ufadhili mmoja, tukaanza Kichina siku moja. Mwaka haujaisha, wafanyabiashara wa Nairobi walikuwa wakimwita aende mtaa wa maduka wa Huanshi Zhonglu awatafsirie, na wenye maduka wakicheka naye kama mtoto wa mtaani kwao. Mimi bado nilikuwa nikijikwaa kwenye salamu. Nilijua Kichina kile alikipata wapi: pale kwenye nyasi, plagi kiganjani, shifu akikwangua na kusimulia. Nilimwonea wivu kwa yote hayo, lakini zaidi kwa kile kichuma, cheusi nchani, chenye uvuguvugu wa injini. Nilitaka mzee yule anikabidhi mimi vidole vyake vilivyobaki.

Niliwahi kukabidhiwa, mara moja tu. Shifu akasema neno tamu kuhusu harufu ya nyasi, nami nikaiweka plagi kwenye ngazi ili nitoe daftari niliandike. Hakunikaripia. Aliutoa mkono, akaiokota, akakaa nayo mpaka mwenzangu aliporudi kutoka darasani.

Miezi ikapita. Alasiri moja nilisimama karibu yao kwa muda mrefu kupita kiasi.

"Waona wivu, wewe," mwenzangu akasema.

"Wivu wa nini? Wa plagi?"

"Basi shika, ndugu yangu, usije ukalia mbele za watu."

Akaitia kiganjani mwangu, akicheka. Nikaifumbata kwa mikono miwili. Ilikuwa na joto kama yai lililotagwa sasa hivi.

Mkono wa shifu ukatoka chini ya kisu. Akaufuta kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akachuchumaa. Nusu ya majani ilikuwa bado imeganda kwenye bati.

"Leo sikuja na daftari," nikamwambia. Sentensi hiyo nilikuwa nimeifanyia mazoezi kwa wiki kadhaa, na nadhani sikukosea hata toni moja ya Kichina.

"Naona," akasema, kwa upole.

Lakini mkono ulibaki gotini. Tukangoja sote watatu. Majani yakaanza kukauka na kubadilika rangi.

Nikamrudishia mwenzangu plagi. Alikuwa ameacha kucheka. Mkono wa shifu ukaingia tena chini ya kisu, na kijiti kikaendelea palepale kilipoishia.