Shangazi Aliyeenda Sokoni

Siku hizi mwanamume akishika mwiko watu wanamsifu, eti mume wa kisasa. Sawa, asifiwe. Wakati wangu, Migori, miaka ile ya tisini, hakuna aliyekusifu. Mwanamume aliyeonekana ameinamia sufuria alikuwa kichekesho cha mtaa, na mimi niliogopa kuchekwa kuliko nilivyoogopa nyoka. Nasema hivi mapema ili mtu asije akaniona shujaa. Kupika nilipika, lakini nilipika mlango umefungwa, dirisha limefungwa, na aibu imenikaa hapa kooni.

Mke wangu alifariki mtoto wetu akiwa hajaanza darasa la kwanza. Mtoto mmoja tu, msichana. Tulikaa kwenye ploti ya mabati karibu na daraja, vyumba vimepangana pande mbili na ua katikati. Wanawake wote walipikia nje, kila mmoja mbele ya mlango wake, kila mmoja akijua mwenzake amechemsha nini na amekosa nini. Mimi nilikuwa fundi wa baiskeli. Vijana wa machimbo ya dhahabu ya Osiri waliniletea rimu zilizopinda kwa kubeba mawe, na grisi ilikuwa imeniingia mpaka chini ya kucha. Mikono hiyo ndiyo iliyobaki ya kumlisha mtoto.

Mwanzoni tulikula chai na mkate. Asubuhi chai na mkate, jioni mkate na chai. Mchana nilimpeleka kibandani tukala maharagwe yaliyojaa maji. Mtoto akakonda, shingo ikawa ndefu. Habari zikafika Homa Bay kwa mama mkwe wangu, na jibu lake likaletwa na mwanamke muuza samaki aliyekuwa akija Migori siku za soko. Mama mkwe alisema hivi: kama katika nyumba hiyo hakuna mwanamke, mtoto aje akae kwangu.

Hakuwa na nia mbaya, nataka ieleweke. Ndivyo ilivyokuwa ikifanyika, mtoto wa kike halelewi na mwanamume peke yake. Na pengine angemlea vizuri kunishinda. Lakini nilikuwa nimeshazika mtu mmoja. Kufikiria tu kwamba nitarudi jioni, nifungue kufuli, na ndani kusiwe na mtu wa kuniuliza mbona nimechelewa, yawa, moyo ulikataa kabisa. Nikamwambia yule muuza samaki arudishe habari kwamba mwanamke yupo. Dada yangu, binti wa baba mdogo, amekuja kukaa nasi na ndiye anayepika.

Dada wa aina hiyo hakuwako duniani.

Basi ilibidi kupika kuanze kweli, maana uongo bila chakula ungejulikana kwenye mashavu ya mtoto. Nilinunua stovu ya mafuta ya taa, nikaiweka kwenye kona nyuma ya kitanda, nikafunga mlango na komeo. Nilivua shati ili lisinuke vitunguu, watu wa karakana wasije wakanusa. Ugali wangu wa kwanza ulikuwa uji kwa chini na unga mkavu kwa juu. Mtoto alikuwa amekaa juu ya debe lililopinduliwa, mikono mashavuni, ananiangalia tu.

"Baba, umeweka unga na maji hayajachemka."

"Umejuaje?"

"Mama alikuwa anasubiri mpaka yaruke."

Hapo ndipo nilipogundua kitu ambacho kilipaswa kuwa wazi. Miaka yote niliyokuwa nikiletewa sahani mezani, nikinawishwa mikono, nikila na kusukuma sahani mbele, huyu mtoto alikuwa ameketi kando ya mama yake anatazama. Mimi nilijua utamu wa chakula cha mke wangu. Kilivyopikwa, alijua mtoto. Niliona haya mbele ya mtoto wa kunifika kiunoni, lakini njaa haina muda wa mambo hayo. Nikamwambia, haya, nifundishe.

Alikuwa mwalimu mkali! Omena, dagaa wa ziwa letu, alizimwaga kwenye sinia akanifundisha kuchambua, kutoa mchanga na vile vikonokono vidogo. Akasema zikaangwe kwanza bila mafuta, mpaka ukizitikisa zisikike. Halafu zioshwe kwa maji moto. Halafu mafuta, kitunguu, nyanya, na nyanya ziive mpaka zipotee. Nikitaka kuharakisha, ananipiga mkononi na kijiko. "Bado." Nikichukua kikombe cha maziwa mapema, "Bado, baba, maziwa ni mwisho, moto ukiwa chini." Siku ilipotoka sawasawa tulikula mpaka tukalamba sufuria, tukakaa sakafuni migongo imeegemea kitanda, jasho linatutoka kwa joto la chumba kilichofungwa. Akaniwekea kichwa pajani. Akasema nanuka kama mama. Niligeuza uso upande wa ukuta.

Kisha nikaharibu. Jirani mmoja alimuuliza uani, kwa kutania tu, "Kwenu nani anapika?" Naye akajibu kwa sauti ya kengele, "Baba!" Lo, kicheko kilichopasuka pale! Nilikuwa ndani, nimeshika mwiko, mabati yanatetemeka kwa kicheko. Nilitamani ardhi inimeze. Jioni nikamkalisha juu ya debe lake, nikamwambia: mtu akikuuliza nani anapika, sema shangazi. Akiuliza shangazi yuko wapi, sema ameenda sokoni.

"Atakuja lini?" akauliza.

"Haji. Ni maneno tu."

Alifikiri kidogo, akakubali. Akalishika lile somo vizuri mno, hata akalifanya mchezo wetu. Ugali ukiungua anasema, "Leo shangazi amelala jikoni." Chumvi ikizidi, "Shangazi leo ana hasira." Nikacheka naye. Sikuona lolote baya. Nilidhani tunacheza.

Sasa, kwetu mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa umbali. Hampeani mikono, hamtazamani usoni, hamli pamoja. Akija kwako, chakula kinapikwa na mwanamke, kinaandaliwa na mwanamke, na wewe unatoka nje ili ale kwa amani. Mama mkwe kula kitu kilichopikwa na mkono wa mkwe wake, hilo halikuwa hata jambo la kukatazwa. Nani angelifikiria?

Mama mkwe wangu alikuja Jumamosi mchana bila kutuma habari. Nimerudi kutoka kazini, omena ziko kwenye stovu, maziwa ndiyo kwanza yameingia, ugali nimeshaufunika. Sina shati. Nikasikia sauti yake mlangoni, nikajua mambo yameiva. Nilizima stovu, nikavaa shati vifungo vimepishana, nikaweka sufuria nyuma ya pazia, nikafungua. Moshi ukatoka mbele yangu. Alikuwa na mdogo wake, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mkali, na mfuko mtupu wa kubebea nguo. Niliuona ule mfuko kabla sijaona nyuso zao.

Mama mkwe aliingia akakaa kwenye kigoda, upande, uso ukiwa ukutani kama heshima inavyotaka. Mtoto akamrukia bibi yake, "Dani! Dani!" Mdogo wa mama mkwe ndiye aliyeongea.

"Tumekuja kumsalimu shangazi wa mtoto. Tumshukuru. Yuko wapi?"

Kabla sijafungua mdomo mtoto akajibu, "Ameenda sokoni."

"Ameacha chakula motoni akaenda sokoni?"

"Ndiyo."

"Basi tutamngojea."

Wakamngojea! Ndugu yangu, umewahi kukaa na wageni mkimsubiri mtu ambaye hayuko? Kila hatua ikisikika uani, wanawake wale wanainua vichwa. Mimi nilikaa ukingoni mwa kitanda, natazama vidole vyangu vyenye grisi, jasho linanitiririka mgongoni. Nikasema labda kuna foleni kwenye kinu cha kusagia. Nikasema labda amepitia kwa rafiki. Kila nilichosema kilikuwa kibaya kuliko cha kwanza. Omena zinapoa nyuma ya pazia na harufu imejaa chumba, na mgeni hawezi kuandaliwa kwa sababu hakuna mwanamke wa kuandaa. Hatimaye yule mwembamba akaweka mfuko magotini, akaukunjua taratibu.

"Mtoto," akasema, "huyo shangazi yako anafananaje?"

Niliona mwisho wangu umefika. Hilo sikuwa nimemfundisha. Lakini mtoto hakusita hata kidogo.

"Ni mrefu. Ana pengo hapa." Akagusa meno yake ya mbele. "Akipika anaimba mdomo umefungwa. Akimaliza ugali ananipa kipande cha kwanza, anakipuliza kwanza. Ana alama ya moto hapa mkononi."

Alama ile ya moto mke wangu aliipata akiwa msichana, jikoni kwa mama yake.

Mabega ya mama mkwe yalianza kutikisika, kidogo tu, uso ungali ukutani. Nami nikaelewa nilichokuwa nimefanya. Nilidhani nimempa mtoto uongo wa kuniondolea kicheko. Yeye alikuwa amemweka mama yake humo ndani, akamtuma sokoni, na akawa anamngojea pamoja na wageni. Nimeona aibu nyingi maishani. Ile ya kuchekwa uani ilikuwa mchezo wa watoto mbele ya hii.

Nikasema, "Mama, hakuna shangazi. Nimepika mimi. Ninapika mimi kila siku."

"Ati nini?" mdogo wake akaruka. "Wewe? Na ulitaka dada yangu ale..."

"Nyamaza," mama mkwe akasema.

Alijifuta macho kwa pembe ya kitambaa chake cha kichwa. Alipoongea hakuongea nami, aliongea na mtoto, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Nyakwara, mjukuu wangu, mimi sijasikia mtu akisema chochote. Shangazi yako amechelewa, na sisi tumetoka mbali tuna njaa. Tuandalie chakula alichotuachia."

Nikatoka nje, kwa kuwa ndivyo inavyopaswa. Nikasimama uani kando ya ukuta, mbele ya majirani wote walioacha sufuria zao kusikiliza, shati langu vifungo vimepishana. Nilisikia mtoto akiburuta beseni la kunawa. Nilisikia sahani. Halafu kimya cha watu wanaokula, kirefu. Ndani mle mama mkwe wangu alikuwa anakula chakula cha mikono yangu, anajua ni cha mikono yangu, na mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, natazama viatu vyangu, sijui niviweke wapi.

Alipotoka, mfuko ulikuwa umekunjwa kwapani kwa mdogo wake, mtupu vilevile. Alipita mbele yangu uso umeelekea upande wa pili. Akamwinamia mtoto, akaongea kwa nguvu ili asikie asiyekuwepo.

"Shangazi akirudi, mwambie asipike mlango umefungwa. Moshi wa mafuta ya taa utawaua. Na mwambie maziwa..." Akakaza kitambaa chake cha kichwa. Akajaribu tena. "Mwambie maziwa ameyatia wakati wake."

Wakaenda zao.

Siku ya soko iliyofuata muuza samaki alileta furushi. Omena kavu, safi, za kutoka kwao ziwani, na leso mpya yenye maua mekundu. "Za shangazi," akasema, na akautazama mlango wangu kwa namna ambayo masikio yaliniwaka moto. Nilijua basi kwamba kule Homa Bay mama mkwe alikuwa ameripoti shangazi yupo, ni mtu mzima, anajua kupika, mtoto aachwe. Alikuwa amedanganya ukoo mzima kwa ajili yangu, mwanamke asiyeweza hata kunitazama usoni.

Mtoto aliikunjua leso, akanizunguka nayo, akanifunga fundo kiunoni. "Sasa huchafui suruali," akasema. Nikamwambia aifungue. Akakataa. Akasogeza debe lake hadi mlangoni, akapanda, akavuta komeo, akaufungua mlango wazi, kwa sababu dani alisema.

Ua mzima uliniona. Maua mekundu kiunoni, kifua wazi, kijiko mkononi. Jirani yule wa swali akaziba mdomo kwa kiganja, na mwingine akaita, "Shangazi! Toa hiyo stovu nje basi, huko ndani utampikia nani moshi?" Wakacheka, nami uso ulinichoma mpaka machozi yakanilenga. Nikaibeba stovu, nikaiweka mbele ya mlango wangu kama wao. Nilipika nimeinama, simwangalii mtu. Kwa haraka ya kumaliza nikashika kikombe cha maziwa kabla ya wakati.

Mtoto alinipiga mkononi na kijiko. Akasema kwa sauti yake ile ya kengele, na ploti nzima ikasikia:

"Bado, baba. Maziwa ni mwisho."