Pale Kisu Kisipofika

Siku ninayoikumbuka sana, mwanangu, nilikuwa kijana mwenye shoka jipya, na shoka jipya halina adabu. Mkorosho wetu mmoja pale kijijini Mkunya ulikuwa umeingiwa na funza ndani ya shina. Nikaanza kuukata. Mjomba, kaka yake mama, akanishika mkono. "We! Mti unaumwa, wewe unauzika?" Akatafuta tundu, akaingiza spoku ya baiskeli, akamchokoa funza humohumo. Msimu uliofuata tuliokota korosho chini yake.

Miaka ikapita, nami nikawa mjomba wa watu. Juzijuzi mpwa wangu, Mama Salima, akakutwa na uvimbe wa saratani kwenye ini. Madaktari wa Dar es Salaam wakamwambia haukatiki, umeegemea mshipa mkubwa wa damu. Lakini ipo tiba nyingine: unalazwa usingizi, dawa inaingizwa mshipani, kisha sindano ndefu zinachomwa kuuzunguka uvimbe, na umeme unapitishwa kwa kufumba na kufumbua. Umeme huo hauunguzi. Unafungua ngozi ya zile seli mbaya ili dawa izame ndani.

Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye msemaji. Basi ndugu wakaja kwangu Newala, shikamoo, marahaba, wakakaa. Dada yangu, mama wa mgonjwa, akasema, "Umeme kwenye ini? Si atateketea huyu!" Wengine wakataka tungoje msimu wa korosho uishe, ndipo nitoe neno. Ebo! Uvimbe unajua msimu?

Sikufichi, niliogopa. Neno langu lingeweza kumuua, na kunyamaza kwangu pia. Mama Salima alikuwa akinitazama mdomo tu. Ndipo nikaikumbuka ile spoku. Nikampigia daktari mbele yao wote, nikamwuliza kama atapona.

"Mzee, siahidi," akasema. "Pale sindano zinapouzunguka uvimbe, dawa hufanya kazi vizuri. Kwingine mwilini sijui."

Jibu hilo lilinituliza kuliko ahadi. Nikasema, aende kesho.

Akaenda. Picha za baadaye zilionyesha uvimbe umenywea. Kipande kimebaki, wanakichunga. Msimu huu ameokota korosho, kakonda, lakini anawagombeza wanunuzi kama zamani. Dada yangu hajaniambia ahsante mpaka leo, nami sijamwuliza.

Sasa sikia, mwanangu. Tiba usiyoijua usiikatae kwa jina lake. Uliza inafanya nini na inakomea wapi, na anayekwambia "sijui" msikilize vizuri. Tena siku ukoo utakapokupa neno la kusema, usilikalie ili uonekane mkubwa. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako, na sisi wajomba ndio mabingwa wa kuchelewa.

Mungu akupe afya na moyo usiotetereka. Na siku utakayougua wewe, asikose mtu wa kusema: aende kesho.