Fundi wa Boya Asiyefika Ziwani

Saa mbili asubuhi katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, jua limeshaanza kuuma. Gatwech ameketi juu ya ndoo mbele ya kibanda chake cha kuchomelea vyuma, simu mkononi. Upande wa pili, ufukweni mwa Ziwa Turkana, mhandisi Nelly anamwonyesha kwa kamera boya lililopasuka.

"Geuza kidogo. Hapo," anasema Gatwech. "Hiyo mimi naweza tengeneza saa moja tu."

Saa hiyo moja ndiyo hana. Gatwech ni mkimbizi kutoka Sudan Kusini, na kutoka kambini kunataka kibali. Aliomba wiki tatu zilizopita, boya lilipopasuka. Kila akienda kuuliza anaambiwa arudi kesho.

Boya hilo hupima upepo na mawimbi. Nelly alilichora, Gatwech akaliunda, likapelekwa ziwani kwa lori bila yeye. Vipimo humfikia Ejore, mtafiti wa samaki mjini Lodwar, kisha wataalamu wa Nairobi ambao huviingiza kwenye kompyuta ili watabiri dhoruba kabla haijawakuta watu majini. Wasomi wote hao, na kazi yao imekwama kwa sababu ya muhuri mmoja.

Wiki iliyopita walijaribu fundi mwingine huko ziwani. Akazidisha moto, akatoboa bomba la boya, maji yakaingia. Gatwech alikuwa akitazama kwenye simu.

"Nililia, nakwambia ukweli," anasema. "Ni kama mtu anashona mtoto yako vibaya na wewe unaangalia tu."

Kabla ya saa sita simu inaita tena. Ni Ejore, anamsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, fundi. Watu wa Nairobi wamesema vipimo vimekatika sana, hawawezi kutabiri na hiyo. Mradi umefungwa. Boya tunaweka stoo."

"Na wale wanaenda kuvua?"

Ejore anasema pole.

Gatwech anazima simu. Inatia uchungu kumwona akiokota vipande vya chuma na kuanza kupima mlango wa duka la jirani. Ndiyo kazi iliyobaki.

Akiulizwa anapanga nini sasa, anaendelea kupima mlango.

"Kibali nitaendelea kuomba," anasema. "Hata kama boya haiko tena. Mimi miaka kumi na moja niko hapa. Nataka nione hiyo maji mara moja, nijue ni wapi nilikuwa nafanya kazi."