Mzee Aliyejipa Mbili

Kwa miaka kumi na moja nilikuwa karani wa wafanyakazi katika kiwanda cha kusaga na kufungasha unga hapa Sumbawanga, upande wa Mazwi, na hakuna aliyewahi kuniita rasilimali. Nilijua nani amefiwa, mke wa nani amejifungua, nani apewe ruhusa ulezi unapovunwa, la sivyo ataondoka bila ruhusa. Siku moja tajiri wetu akarudi kutoka semina Dodoma, akatutangazia kwamba wafanyakazi sasa ni rasilimali watu, na kwamba mimi nitakuwa chini ya meneja wa idara hiyo. Rasilimali ninazozijua mimi ni misitu, madini na samaki wa ziwani, vitu ambavyo watu huvichukua mpaka viishe. Wenzangu walipiga makofi, nami nikapiga.

Meneja mwenyewe alikuwa kijana aliyezaliwa kijijini Kate, mtoto wa wakulima kama sisi sote, lakini tangu atoke chuo alijifanya Kifipa hakisikii. Alibandika ukutani bango lililosema watu ndio mtaji wetu mkuu. Chini ya bango hilo wapakiaji wa magunia walikula wamekaa sakafuni, maana viti vya chumba cha chakula vilikuwa vimehamishiwa kwenye chumba chake cha mikutano. Alipita pale kila mchana na wala hakuona tatizo.

Kisha akaleta fomu ya kujipima. Kila mfanyakazi ajipe mwenyewe alama, moja hadi tano, kwa ujuzi, bidii na mengineyo, kisha atie sahihi.

Sasa, muulize mzee yeyote wa Ufipa kama yeye ni mkulima hodari. Atakuambia anajaribujaribu tu, na huku ghala lake limejaa mpaka juu. Kujisifu kwetu ni aibu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Meneja alilelewa hivyohivyo, alilijua hilo kama anavyojua jina la mama yake, na bado akatuletea upuuzi ule. Vijana wa mjini walijipa tano juu ya tano. Mmoja wao, aliyekuwa na miezi minne tu ya kujifunza mashine, alijipa tano hata kwenye kuwahi kazini, naye kila Jumatatu alichelewa.

Fundi mkuu wa mashine alikuwa mzee wa kutoka Mwimbi, aliyekuwa nayo tangu siku ilipofungwa pale. Alisikia beringi inayotaka kufa kabla haijaanza kunuka. Aliizima mashine, akabadilisha beringi, na wateja hawakujua kama kulikuwa na jambo. Macho yake hayakuyaona tena maandishi madogo, kwa hiyo alikuja kwangu na fomu yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Niandikie hapa."

"Ujuzi wa mashine, nikuandikie ngapi?"

"Weka mbili."

"Mzee, mbili ni kidogo. Hizi fomu wanazisoma."

"Si wananijua? Mtu akijipa tano, Mungu tumpe ngapi? Weka mbili."

Niliweka mbili, na kila mstari uliofuata mbili. Nilijua vizuri meneja atazifanyia nini. Ningeweza kuandika nne, mzee asingeona. Ningeweza kwenda kwa meneja mapema nimweleze. Nilijiambia kwamba mimi ni mwandishi tu, na huo ndio upumbavu ambao waoga wenye kalamu hujifariji nao.

Wiki mbili baadaye ikatoka orodha ya wasio na tija, na jina la mzee lilikuwa la kwanza. Nilikwenda ofisini nikamwambia meneja kwamba huyu ndiye anayeendesha kiwanda.

"Kaka, yeye mwenyewe amekiri hawezi," alisema. "Sahihi yake si hiyo hapo?" Akanikabidhi barua ya kumwachisha kazi nimpelekee.

Ningemtemea mate kama ningekuwa mwanamume kamili. Nilisema, "Sawa bosi," nikatoka.

Mzee aliizima mashine kwanza, akajipangusa unga usoni. Ilibidi nimsomee mwenyewe barua ile, neno kwa neno, vijana wakiwa wamesimama wanatazama. Nilipomaliza aliniomba nirudie mahali palipotaja alama zake. Nikarudia.

"Kumbe alama zilikuwa za kazi hii," alisema. Akanigeukia. "Na wewe, mwanangu, ulijipa ngapi?"

"Tatu, mzee."

"Afadhali. Wewe bado unasomesha watoto."

Akanishika mkono, akanishukuru kwa kumwandikia vilevile alivyoniagiza, akaenda kuchukua koti lake. Nilikuwa nimejipa tano, mstari kwa mstari, siku ileile niliyomwandikia yeye mbili.